Kutoka Amari hadi Winchi: Historia ya Jaribio la Mzigo

Jaribio la mzigo ni utaratibu wa kukitwisha chombo cha kunyanyulia, kiwe winchi, kapi, mnyororo au kulabu, uzito unaozidi ule kitakaoruhusiwa kuubeba kazini, kisha kukikagua ili kuona kama kimepinda, kimerefuka au kimepasuka. Uzito unaoruhusiwa huitwa uzito salama wa kazi, na ule unaouzidi huitwa mzigo wa jaribio. Bandarini, migodini na viwandani utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba cheti chake huchukuliwa kuwa karatasi nyingine tu ya kuwekwa jaladani. Lakini haukuanzia kwenye winchi, wala haukuzaliwa kwa huruma juu ya mfanyakazi. Ulianzia kwenye nanga za meli, pale chuma kilipochukua nafasi ya kamba.

Kamba ya nyuzi, iwe ya katani kama zilizotumiwa na meli za Ulaya au ya usumba kama zile za majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki, huchakaa waziwazi: nyuzi huchomoza, rangi hugeuka, na baharia mzoefu huweza kuipapasa akajua imebakiwa na nguvu kiasi gani. Mnyororo wa chuma cha kufua hauna uungwana huo. Kila pete yake ilikunjwa ikiwa moto, ncha zake mbili zikaunganishwa kwa nyundo, na kama taka za tanuri zilibaki kati ya ncha hizo, au kama moto haukutosha, kasoro ilifunikwa na uso mzima ambao jicho halikuweza kuupenya. Pete mia moja zilikuwa na maungio mia moja, na kuharibika kwa moja kulitosha kuipoteza meli. Katika enzi ambayo hapakuwa na kifaa cha kuona ndani ya chuma, njia pekee ya kuuliza ilikuwa kuvuta.

Samuel Brown, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ndiye aliyefanya zaidi ya wengine ili amari ya chuma, yaani mnyororo wa nanga, ikubalike. Mwaka 1808 aliiwekea meli iliyoitwa Penelope minyororo mahali pa kamba, ikasafiri hadi visiwa vya Karibi na kurejea, na baadaye akaanzisha karakana, kwanza Millwall jijini London na kisha Pontypridd huko Wales. Karakana hizo zilikuwa na mashine ya kuvutia, ambamo mnyororo ulinyooshwa kwa nguvu iliyopimwa kabla ya kumfikia mnunuzi. Katika hatua hiyo jaribio lilikuwa hoja ya kibiashara: fundi aliyethubutu kuuvuta mnyororo wake mbele ya mteja aliuza imani pamoja na chuma. Wasiothubutu nao waliendelea kuuza, tena kwa bei nafuu, hadi sheria ya mwaka 1864 ilipopiga marufuku nchini Uingereza uuzaji wa nanga na amari za meli ambazo hazikuwa zimejaribiwa na kupigwa chapa.

Sheria hiyo ililinda meli, na pamoja na meli mabaharia waliokuwa ndani yake. Minyororo ya kunyanyulia shehena haikuguswa. Kuhusu waliosimama chini ya kulabu, ilipita miaka 40 tangu sheria ya amari hadi kanuni za bandari za Uingereza za mwaka 1904 zilipoagiza kwamba mitambo, minyororo na zana za kupakia na kupakua shehena zijaribiwe, na zikaguliwe mara kwa mara. Mpangilio huo wa tarehe, chombo kwanza na hamali baadaye, unaeleza mengi kuhusu hofu za karne ile.

Sharti la kukagua mara kwa mara lilitokana na maarifa ambayo hayakutoka baharini. Katika migodi ya milima ya Harz, Ujerumani, Wilhelm Albert alichunguza mwaka 1829 minyororo ya kuinulia madini, akabaini kuwa chuma kinaweza kukatika chini ya mzigo ambacho kimekuwa kikiubeba vizuri kila siku, kwa sababu tu kimeubeba mara nyingi mno. Hali hiyo wahandisi huiita uchovu wa metali. Mwaka 1834 alitengeneza kamba ya nyaya za chuma zilizosokotwa, ambayo ilirudisha kwa kiasi fulani fadhila ya kamba ya zamani, kwa kuwa nyaya zake hukatika mmojammoja na mkaguzi anaweza kuzihesabu. Kwa minyororo, dawa iliyoaminiwa ilikuwa kuipasha moto na kuiacha ipoe polepole ili chuma kilichokakamaa kilainike, na kanuni za 1904 ziliamuru minyororo ya nusu inchi au pungufu inayotumika kwa kawaida ipashwe kila baada ya miezi 6.

Tatizo la bandari, hata hivyo, halikuweza kumalizwa na taifa moja. Meli ilisafiri na winchi zake, hivyo kuli wa bandari moja alifanya kazi chini ya zana zilizojaribiwa, au zisizojaribiwa, katika bandari nyingine asiyoijua. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya ajali za wafanyakazi wa bandari mwaka 1929, na mwaka 1932 likaurekebisha, likitoa pia nafasi kwa nchi kutambua vyeti vya majaribio vya nchi nyingine. Kanuni za bandari za Uingereza za mwaka 1934, zilizoutekeleza mkataba huo, ziliweka viwango vya mzigo wa jaribio: chombo cha uzito salama usiozidi tani 20 kijaribiwe kwa asilimia 25 zaidi, cha kati ya tani 20 na 50 kiongezewe tani 5, na kinachozidi tani 50 kiongezewe asilimia 10. Minyororo, kulabu na pingu zilipaswa kuhimili maradufu ya uzito salama, na kapi lenye gurudumu moja mara nne. Msomaji anayependa hesabu ataona kwamba ngazi zile tatu zimeungana bila kuruka, kwani robo ya tani 20 na sehemu ya kumi ya tani 50 zote ni tani 5. Kwa uwiano, nyongeza hupungua kadiri mzigo unavyokua, na yaelekea sababu ni kwamba mzigo mdogo huinuliwa haraka, kwa kukisia na kwa mshtuko, ilhali mzito sana hupangwa na kupimwa mapema.

Afrika Mashariki hoja ya meli kusafiri na zana zake ilikuwa na uzito wa pekee. Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa Kilindini mwaka 1926, na Dar es Salaam hadi mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga mbali na nchi kavu, na shehena ikashushwa kwa winchi za meli zenyewe hadi kwenye matishari, ambako makuli waliipokea slingi ikiwa bado inaning'inia juu yao. Kwenye nchi kavu, sheria za viwanda za mwaka 1950 za Kenya na Tanganyika zilifuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1937, ambayo iliagiza winchi ikaguliwe angalau kila miezi 14 na minyororo kila miezi 6. Nafasi zao zilichukuliwa na sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania mwaka 2003 na ya Kenya mwaka 2007.

Kanuni ya asilimia 10 imedumu kuliko walivyoweza kutazamia walioiandika, ambao tani 50 kwao zilikuwa mzigo mkubwa. Mwezi Mei 2020 huko Rostock, Ujerumani, winchi mpya ya meli Orion, iliyoundwa kuinua tani 5,000, ilikuwa ikiandaliwa kwa jaribio la tani 5,500. Mzigo ulipofika takriban tani 2,600 kulabu ilikatika, mkono wa winchi ukarudi nyuma kwa kishindo na kuanguka, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Winchi haikuwa imekabidhiwa kazi yoyote bado, na mzigo uliokata kulabu haukufika hata kwenye uzito salama ambao ingeandikiwa.