Namba Iliyoandikwa Juu ya Prosesa

Tarehe 24 Agosti 1998, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa sokoni prosesa kadhaa kwa siku moja. Moja ilikuwa Pentium II ya megahezi 450, na bei yake ya jumla ilikuwa dola 669. Nyingine ilikuwa Celeron 300A ya megahezi 300, dola 149 tu. Ile ya kwanza ya wenye nazo, hii ya pili ya watu wa kawaida. Ndivyo kampuni ilivyopanga. Haikuchukua muda, wapenda kompyuta wakagundua kwamba ile ya dola 149 inaweza kukimbia sawasawa na ile ya dola 669. Kisa hicho kinatuhusu hata sisi wa kambini, tunaotumia kompyuta ambazo wengine wameshazichoka.

Tuanze na jinsi ilivyowezekana. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote ndani ya kompyuta, na inafanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Ule ubao mkubwa wa ndani, mazabodi, ndio unaotoa mapigo ya msingi, halafu prosesa inayazidisha. Celeron 300A ilikuwa inazidisha mara 4.5. Ikipewa megahezi 66 na kitu, inatoka 300. Je, Pentium II 450 ilikuwa inazidisha mara ngapi? Mara 4.5 hizo hizo! Tofauti ni kwamba yenyewe ilipewa mapigo 100. Kwa hiyo ukiichukua Celeron ukaipa 100, hesabu inaleta 450.

Kwenye mazabodi kama BH6 ya kampuni ya ABIT ya Taiwan, ulikuwa unaingia tu kwenye mipangilio na kuchagua 100. Kwenye nyingine, watu walifunika pini moja ya prosesa, iliyoitwa B21, kwa kipande kidogo cha utepe, na mashine ikaamini imewekewa prosesa ya megahezi 100. Mafundi wanaita kazi hiyo ovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie kupita kasi iliyoandikwa juu yake.

Sasa kwa nini ilikubali? Kwa sababu Celeron na Pentium II zote zilitengenezwa kwa teknolojia ile ile ya maikroni 0.25. Tena Celeron 300A ilikuwa na keshi yake, ile kumbukumbu ndogo ya haraka, ndani ya prosesa yenyewe. Ilikuwa kilobaiti 128 tu, lakini ilikimbia kwa kasi kamili. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, ila zilikaa pembeni na kukimbia nusu ya kasi. Kumbe namba 300 haikuwa kipimo cha mwisho cha uwezo. Kwa upande mmoja ilikuwa ahadi ya usalama: kampuni inataka kifaa kidumu miaka hata kama feni ni mbaya na chumba kina joto. Kwa upande mwingine ilikuwa bei. Soko lilitaka kitu cha bei ya chini, basi kikaandikwa namba ya chini.

Msomaji wa kambini hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Nesi aliyesomea kazi yake Bujumbura, au mwalimu aliyefundisha Bukavu miaka kumi, akifika huku anaandikwa mfanyakazi wa posho. Namba hiyo imetokana na sheria na bajeti. Haisemi anaweza nini.

Lakini tusidanganyane. Si kila Celeron 300A ilifika 450. Nyingine zilikwama njiani, mashine ikazima katikati ya kazi. Na hata zilizofika, zilidai malipo yake, na malipo yenyewe ni joto. Kanuni ni hii: kasi ikipanda mara moja na nusu, joto linalozalishwa na kazi hiyo nalo linapanda mara moja na nusu. Ukiongeza na umeme, joto linapanda haraka zaidi, maana linafuata volti ikizidishwa kwa yenyewe. Waliokuwa na prosesa sugu waliitoa volti 2.0 wakaipeleka 2.2. Hiyo peke yake ni asilimia 21 zaidi. Jumlisha na ile kasi, unakaribia mara 1.8 ya joto la mwanzo. Ndiyo maana watu wale walihangaika na mapezi makubwa ya alumini, feni mbili badala ya moja, na pesti ya kupitisha joto. Wengine walizungusha maji kwenye mipira, kama rejeta ya gari.

Joto ndilo lililoongoza historia yote hii. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ya megahezi 4.77, haikuhitaji hata pezi moja juu ya prosesa yake. Pentium za kwanza za mwaka 1993, zilizotumia volti 5, zilichemka mpaka feni ikawa jambo la kawaida. Mwaka 2004 Intel wenyewe waligonga ukuta. Waliachana na Pentium 4 ya gigahezi 4 waliyokuwa wameitangaza, na mwaka uliofuata wakaanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida. Walishindwa kuendelea kuongeza mapigo, wakaongeza mioyo.

Hapo ndipo tunafika kwetu. Wale wa mwaka 1998 wengi walikuwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hivi. Feni haipozi prosesa chini ya hewa inayoivuta. Kakuma, ambako mchana hewa inapita nyuzi 35, prosesa ile ile yenye feni ile ile itakuwa na joto la nyuzi 15 zaidi kabla haijafanya lolote. Kwa hiyo fundi wa huku akiniuliza kama aongeze kasi ya kompyuta ya zamani, namwambia hapana, hasa kama ni laptopu au kama umeme ni wa sola. Kazi yetu ni ya kinyume: kurudisha kasi iliyopotea.

Maana prosesa za miaka hii zina ulinzi. Zikikaribia nyuzi 100 zinapunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Mtumiaji anaona mashine nzito, anasema imezeeka. Mara nyingi ni vumbi lililoziba mapezi, na pesti iliyokauka ikawa kama chaki. Zima mashine, chomoa umeme, toa betri. Piga vumbi kwa brashi laini huku umeishika feni isizunguke. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, paka mpya kidogo, kiasi cha punje ya mchele. Iweke mbali na ukuta wa bati, na iache hewa ya moto itoke.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi langu ni moja. Kabla kompyuta ya kituo haijaandikwa mbovu na kupelekwa stoo, mpeni fundi wa kambini saa moja, brashi na tyubu ya pesti. Bei ya tyubu haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nyingine. Na mwanafunzi aliyekuwa anangoja zamu yake atakuwa amepata mashine leo, si mwaka wa bajeti ujao.