Mgomo wa mabasi: Dar hutembea kwa miguu, Newala husubiri

MGOMO wa madereva wa mabasi unapotokea nchini, macho ya wengi huelekezwa Dar es Salaam. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 10, mwaka 2015, madereva walipogoma kupinga kanuni iliyowataka warudi darasani kila wanapohuisha leseni. Mei 4 mwaka huohuo waligoma tena, safari hii wakidai pamoja na mambo mengine mikataba ya ajira.

Abiria wa jijini walihangaika, lakini walikuwa na pa kushika. Waliokuwa na fedha walipanda bodaboda na bajaji kwa nauli iliyopanda ghafla. Wengine walidandia malori, na wengi walitembea kwa miguu hadi kazini.

Kwa mkazi wa Masasi au Newala, hesabu ni nyingine. Masasi ipo chini, Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, na kati yao kuna takriban kilomita 70. Umbali huo hautembeleki. Treni nayo haipo: Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa wakoloni, ilifungwa mwaka 1962. Basi likilala, kinachobaki ni pikipiki, gari dogo la kuchangia nauli au lifti ya lori, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi katika msimu wa korosho.

Kila njia ina gharama yake. Barabara ya Mnivata-Newala-Masasi, yenye urefu wa kilomita 160, kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika. Safari ndefu ya pikipiki katika njia ya namna hiyo humchosha hata mzima. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Ndanda hawezi kuombwa avumilie hadi mgomo uishe.

Zipo tahadhari zinazosaidia. Mwenye miadi ya hospitali au mtihani asafiri siku moja kabla, pindi fununu za mgomo zinapoanza. Wanaoelekea njia moja wachangie gari, na nauli ikubaliwe kabla ya kuondoka. Anayepanda pikipiki avae kofia ngumu na akatae kupakiwa mishikaki. Kukaa juu ya mzigo wa lori ni kuhatarisha maisha. Aliyekwisha kulipa nauli ya basi atunze tiketi yake, kwani ndiyo ushahidi wa madai yake.

Madai ya mikataba yalikuwa na msingi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inawataka wanaogoma kumpa mwajiri taarifa ya saa 48. Abiria hatajwi. Kwa mtu wa Newala, saa hizo 48 zingetosha kumfikisha mgonjwa hospitali.