Minara Miwili na Usikivu wa Bariadi

Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Swali la msingi la kampeni ile bado ni letu: sauti iliyorushwa ilimfikia nani?

Tumezoea kujibu kwa kuhesabu mitambo. Pasipo na usikivu, huongezwa mtambo mwingine. Fizikia inatutaka tuwe waangalifu zaidi. Tuchukulie mitambo miwili ya nguvu sawa, mmoja magharibi ya Bariadi na mwingine mashariki, ikirusha kipindi kimoja kwa masafa yaleyale ya kilohezi 1,000. Urefu wa kila wimbi ni mita 300. Katikati ya mitambo hiyo, kilele cha wimbi moja kikikutana na kilele cha jingine, sauti huimarika. Kilele kikikutana na bonde, mawimbi hufutana. Kutoka mahali pa sauti kubwa hadi mahali pa ukimya ni mita 75 tu, yaani kama hatua mia moja za mkulima anayevuka shamba lake la pamba. Mitambo isipokwenda sambamba kikamilifu, maeneo hayo ya ukimya huanza kuhama, na sauti hupanda na kushuka.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1924, nchini Uingereza, Edward Appleton na Miles Barnett walichunguza kupanda na kushuka kwa matangazo nyakati za usiku. Walionyesha kwamba wimbi linalopita ardhini hukutana na wimbi la mtambo uleule lililorudishwa na tabaka la juu la angahewa. Appleton alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Ugunduzi huo ulitokana na kusikiliza kule matangazo yanakopokelewa.

Waandaaji wa Mtu ni Afya nao hawakuishia kwenye mtambo. Waliandaa vitabu, wakafundisha viongozi wa vikundi, na wananchi wakachimba vyoo. Matokeo yalionekana kijijini.

Leo tunayo Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya mwaka 2006, na hoja ya usikivu ni hoja ya haki. Mwananchi asiyesikia taarifa ya mlipuko wa kipindupindu au ya bei ya pamba hafarijiwi na idadi ya minara. Umoja ni nguvu, lakini mawimbi yanatufundisha kwamba nguvu mbili zisizopangwa zinaweza kuzaa ukimya. Kwa hiyo, kila ripoti ya usikivu ianze kwa vipimo vilivyochukuliwa vijijini, mchana na usiku, palipo na msikilizaji.