Kamera Iliyoshuka Kutoka Angani Hadi Vijito vya Nchelenge

Wilaya ya Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula kaskazini mwa Zambia, imeegemea ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Watu wake huishi kwa samaki na muhogo. Wengi wamejenga karibu na ziwa, Kashikishi na vijiji jirani, na wengine wako bara, kando ya vijito na vinamasi. Malaria ya huko haina msimu wa kupumzika. Tangu 2012 watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamekuwa wakikamata na kuchunguza mbu wa wilaya hiyo, na matokeo ya 2012 na 2013 yalikuwa wazi: zaidi ya asilimia 80 ya mbu waenezao malaria walikuwa Anopheles funestus. Mbu huyu hategemei madimbwi ya mvua. Huzaliana kwenye maji ya kudumu yaliyoota mimea inayochomoza juu, kama matete, mafunjo na nyasi za kingo za vijito. Anayetaka kujua mbu huyo anazaliwa wapi lazima kwanza ajue mimea hiyo imeota wapi, na hapo ndipo kamera nyepesi za kupima uoto, zile zinazobebwa na droni, zinapoingia katika habari ya malaria. Hoja yangu ni kwamba historia ya kamera hizi ni historia ya jicho lililopanda juu mno kabla ya kushuka, na kwamba sasa tu, baada ya zaidi ya miaka mia mbili, limefikia kimo kinacholingana na tatizo la Nchelenge. Kuliacha libaki mali ya mashamba makubwa kutakuwa kosa.

Msingi wa kamera hizi uligunduliwa kwa kipimajoto. Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, akaweka vipimajoto penye kila rangi, akakuta joto linazidi nje ya wekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote. Mwanga huo ndio tunaouita infraredi. Mwaka 1910 mwanafizikia wa Marekani Robert Wood akachapisha picha zilizopigwa kwa mwanga huo, na majani ya miti yalitoka meupe. Sababu yake ni kwamba jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na wa buluu kwa klorofili ili lijitengenezee chakula, lakini tishu zake za ndani huurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ulio karibu na wekundu. Jani likiugua au likikatwa, uwiano huo huvurugika, na mara nyingi huvurugika kabla mtu hajaona umanjano wowote. Wanajeshi waliutumia ujuzi huu mapema: katika Vita vya Pili vya Dunia filamu maalumu ya Kodak ilisaidia kutofautisha miti hai na vifaa vya vita vilivyofichwa kwa rangi ya kijani au kwa matawi yaliyokatwa. Baada ya vita, Robert Colwell wa Chuo Kikuu cha California alionyesha, mwaka 1956, kwamba picha za aina hiyo zikipigwa kutoka ndegeni zinaweza kufichua ugonjwa wa kutu katika mashamba ya nafaka. Maji nayo yana tabia ya kinyume: humeza infraredi karibu yote. Katika picha hizi, basi, maji matupu ni meusi, na mmea uliosimama ndani ya maji hung'aa. Msomaji aiweke akilini tofauti hiyo, maana juu yake imesimama hoja yote ya makala haya.

Zambia yenyewe, ilipokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, ilishiriki mapema katika elimu ya kuitazama nchi kutoka juu. Mwaka 1928 Ray Bourne, mtaalamu wa misitu wa Oxford, alichapisha uchunguzi alioufanya katika nchi hiyo akitetea matumizi ya picha za ndege katika kuainisha ardhi. Lakini kazi iliyodumu zaidi ilifanywa kwa miguu. Kuanzia 1932 Colin Trapnell na wenzake walitembea nchi hiyo kwa miaka, wakiandika aina za miti, nyasi na udongo, na sehemu kubwa ya waliyoyaandika waliipata kwa wakulima, ambao tayari walikuwa wakichagua mashamba kwa kuisoma mimea iliyoota juu yake. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Wapo wanaosema kwamba kumtafuta mbu kwa kupiga picha majani ni fikra ya maabara za ng'ambo iliyoletwa kijijini. Ukweli ni kwamba kuitazama mimea ili kujua kilichojificha chini yake ni ujuzi wa siku nyingi wa wakulima wa nchi hiyo, na wataalamu wa kikoloni waliujenga utaalamu wao juu ya ujuzi huo.

Kisha jicho likapanda. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1, ikizunguka kwenye kimo cha kilomita 900 hivi, na ndani yake kulikuwa na chombo kilichobuniwa na mhandisi Virginia Norwood, kilichopima mwanga katika mikanda minne: miwili inayoonekana kwa macho na miwili ya infraredi. Mwaka uliofuata John Rouse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walieleza kipimo kinachojulikana leo kama NDVI. Hesabu yake ni nyepesi: toa mwanga mwekundu kwenye infraredi, kisha gawa kwa jumla ya yote miwili; kadiri jibu linavyokaribia moja, ndivyo uoto ulivyo mzito na hai. Afrika Mashariki ilinufaika nacho. Mwaka 1987 Kenneth Linthicum na wenzake walionyesha kwamba kipimo hicho, kikichukuliwa na setilaiti juu ya Kenya, kinaweza kubashiri hali zinazoleta homa ya Bonde la Ufa, kwa sababu mbu wa homa hiyo huzaliana kwenye mabonde yanayofurika mvua ikizidi, yale ambayo wataalamu wa Zambia na wa Kenya pia huyaita dambo. Uhusiano wa mimea, maji na mbu ulikuwa umethibitishwa. Lakini kilichofaa kwa ukanda mzima hakikufaa kwa kijiji. Kila doa la picha ya Landsat 1, yaani pikseli, lilichukua eneo la mita 80 kwa 80 hivi. Ndani ya doa moja huingia nyumba, shamba la muhogo, njia, kijito na kingo zake zote mbili, na setilaiti hurudisha wastani wa vyote. Mstari wa mafunjo wenye upana wa mita tatu hupotea humo kabisa. Hata baada ya pikseli kupungua hadi mita 30 katika miaka ya 1980, kijito cha bara cha Nchelenge kiliendelea kuwa kidogo mno kuonekana.

Kushuka kulichelewa kwa sababu ya uzito. Mwaka 2002, NASA na washirika wake walipopiga picha za mikanda mingi juu ya shamba la kahawa la kisiwa cha Kauai, Hawaii, walitumia Pathfinder Plus, ndege isiyo na rubani inayotumia umeme wa jua, yenye mabawa ya zaidi ya mita 30. Hakuna halmashauri ya wilaya ambayo ingeweza kumiliki chombo kama hicho. Mabadiliko yalitoka kwenye biashara ya simu za mkononi, iliyoshusha bei na uzito wa vihisi vya picha, betri na vipokezi vya GPS. Katikati ya muongo wa 2010 zikaja kamera kama RedEdge ya MicaSense, yenye lenzi tano, kila moja na mkanda wake, na Sequoia ya Parrot ya mwaka 2016 ambayo kamera yake ina gramu 72. Kilichozitofautisha na kamera ya kawaida si idadi ya lenzi peke yake. Juu ya droni hukaa kihisi kinachopima mwanga wa jua wakati wa kuruka, na kabla ya kuruka mpigaji hupiga picha ya kibao ambacho kiwango chake cha kurudisha mwanga kinajulikana. Kwa njia hiyo picha inakuwa kipimo, na namba za Januari zinaweza kulinganishwa na za Agosti. Kwenye kimo cha mita 120, pikseli ya kamera ya aina hii huwa na upana wa sentimita 8 hivi. Pikseli moja ya Landsat 1 hugawanyika katika vipande vipatavyo milioni moja vya namna hiyo.

Ushahidi kwamba vipande hivyo vina manufaa kwa malaria upo, na wa kwanza ni wa nyumbani. Zanzibar, Andy Hardy wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth pamoja na wataalamu wa mpango wa kutokomeza malaria visiwani walitumia droni ya bei ndogo yenye kamera ya kawaida kuchora mazalia ya mbu kwenye mabonde ya mpunga, na katika kazi iliyochapishwa 2017 walionyesha kwamba bonde la hekta 30 linaweza kupigwa picha kwa dakika 20. Mwaka 2019 timu ya Gabriel Carrasco-Escobar ikaenda hatua moja mbele katika vijiji vya Amazoni ya Peru: kwa kamera ya mikanda mingi iliyobebwa na droni, iliweza kutofautisha maji yenye viluwiluwi vya mbu wa malaria na yasiyo navyo, kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 86. Peru si Luapula, na mbu wao si funestus. Hata hivyo funestus anafaa zaidi kutafutwa kwa njia hii, kwa kuwa makao yake ni mmea uliosimama majini, yaani ile alama ya mng'ao pembeni mwa weusi ambayo kamera hizi huisoma vizuri.

Hitaji la Nchelenge lenyewe limethibitishwa na yaliyoshindikana. Funestus wa huko alikwisha kupatikana na usugu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi na kabameti. Kuanzia 2014 hadi 2016 nyumba za maeneo yaliyochaguliwa zilipuliziwa dawa-ukoko nyingine, pirimiphos-methyl. Tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba maambukizi yalipungua kwa robo hivi msimu wa mvua, na kiangazi hayakupungua. Naliona jibu hilo kuwa ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Shirika la Afya Duniani hushauri kuua viluwiluwi, kama nyongeza ya vyandarua na dawa-ukoko, pale mazalia yanapokuwa machache, yasiyohama na yanayopatikana kirahisi. Msimu wa mvua Nchelenge haitimizi sharti hata moja. Kiangazi, madimbwi yakikauka, mazalia ya funestus hubaki kwenye vijito na vinamasi vya kudumu: yamepungua, na hayahami. Sharti linalobaki ni kuyapata, na hiyo ndiyo kazi ya kamera.

Mpinzani wa kwanza atasema setilaiti nazo zimekua. Ni kweli: Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa 2015, hutoa picha za bure zenye pikseli za mita 10, na mbingu za kiangazi hazina mawingu mengi. Picha hizo zitumike kuchagua bonde la kuanzia. Lakini ukingo wa mita tatu bado ni mdogo kuliko mita 10, na mtu anayetumwa na dawa ya viluwiluwi anahitaji kuambiwa ashuke wapi. Wa pili atasema kamera haioni kiluwiluwi, na chini ya miti iliyofungamana haioni hata maji. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali lote. Ramani ya droni bila mtu mwenye kata ya kuchotea maji ni dhana tupu. Kila mahali palipong'aa lazima paguswe, na makosa ya ramani yarudishwe kwenye hesabu. Wa tatu, mwenye uchungu wa haki, atauliza kwa nini fedha zisinunue vyandarua na dawa za wagonjwa. Vyandarua na dawa visipunguzwe hata shilingi moja. Ila wilaya iliyopuliziwa dawa miaka mitatu bila nafuu ya kiangazi haiwezi kuambiwa irudie yaleyale. Isitoshe, kamera hiyohiyo ina kazi ya pili. Ugonjwa wa michirizi kahawia ya muhogo, ulioelezwa mara ya kwanza na H. H. Storey huko Amani, Tanganyika, mwaka 1936, uliripotiwa kufika Zambia mwaka 2018, nao huozesha mzizi huku majani yakiwa na dalili hafifu; watafiti wa Makerere, Uganda, wamekuwa wakijaribu kuyatambua magonjwa ya muhogo kwa kupima mwanga wa majani kabla dalili hazijaonekana.

Linalobaki ni nani atakayezishika kamera hizi. Watafiti huja na vifaa vyao na huondoka navyo, na picha huishia kwenye kompyuta za vyuo vya mbali. Wizara ya Afya ya Zambia na uongozi wa Luapula wanapaswa kuagiza kinyume chake: kamera moja, droni mbili, kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na vijana wa wilaya waliofundishwa kurusha, kusoma picha na kuchota viluwiluwi, huku picha zikihifadhiwa wilayani na nakala zikigawiwa wenzao wa afya wa upande wa Kongo, kwa kuwa wavuvi huvuka ziwa hilo na vimelea ndani ya damu zao. Waanze Agosti, kwenye vijito vya bara, kabla mvua za Novemba hazijayafungua mazalia mengine yote.