Masikio mu Korani

Mu Korani, kusikia kunatajwa karibu kila mara mbele ya kuona. Sura ya 16, aya ya 78, inaeleza kama mutu anatoka mu tumbo la mama yake bila kujua kitu, kisha Mungu anamupa kusikia, macho na moyo. Mupango ule unarudi mu sura ya 23 na ya 67. Lakini mu sura ya 32, aya ya 12, unageuka: siku ya hukumu, wenye zambi wanasema kwanza kama wameona, kisha wamesikia. Siku ile hakuna tena mutu wa kuhadisiwa.

Mungu mwenyewe anaitwa As-Samii, ni kusema Mwenye kusikia. Habari yenye kuonyesha jina hilo vizuri ni ya sura ya 58. Inaanza na malalamiko ya mwanamuke wa Madina, mwenye mapokeo yanamuita Khawla binti Tha'laba. Mume wake alimwambia kama yuko kwake sawa mugongo wa mama yake. Mu desturi ya zamani ya Waarabu, neno moja lile lilitosha kuvunja ndoa. Khawla akaenda kwa Mutume Muhammad kujitetea. Aisha, muke wa Mutume, alikuwa mu nyumba ileile, na alisema kama maneno mengine ya Khawla hakuyasikia. Aya ya kwanza inasema Mungu aliyasikia. Desturi ile ikakatazwa: mume mwenye kusema vile, akitaka kurudilia muke wake, sherti kwanza aache mutumwa mumoja huru, akikosa, afunge miezi 2 mufululizo, akishindwa, alishe maskini 60.

Masikio ya watu nayo yana deni. Sura ya 17, aya ya 36, inakataza kufuata jambo lenye mutu hana ujuzi nalo, juu kusikia, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Sura ya 49, aya ya 6, inaamuru habari yenye kuletwa na mutu mupotovu ichunguzwe mbele, kusudi watu wasiumize wengine bila kujua.

Hata Mutume alichekwa kwa ajili hiyo. Sura ya 9, aya ya 61, inataja watu wenye walisema kama yeye ni sikio tu, anapokea kila kitu chenye anaambiwa. Jibu likakuja kama kweli ni sikio, lakini sikio la heri kwao.