Kitenzi Kinachosubiriwa

Makaburu walipopanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908, walikuja na lugha iliyozaliwa na Kiholanzi. Shamba lao namba 64, kwa Kiingereza "sixty-four", ndilo chanzo cha Sisibo, jina ambalo Eldoret ingali ikiitwa. Kikaburu hakisikiki tena mjini, ila Kiholanzi chenyewe kimerudi kwa mlango mwingine: tangu 2006, Mkenya anayetaka kumfuata mwenzi wake wa ndoa Uholanzi kwa kawaida hutahiniwa lugha hiyo kabla hajasafiri.

Mwanafunzi wa Eldoret huingia darasani akiwa na namna zake za kutaja yaliyopita. Kiswahili hufunga mtenda, wakati na tendo katika neno moja: nilisoma. Kinandi hutanguliza kitenzi, na kiambishi chake hupambanua yaliyotokea leo, ya jana na ya zamani zaidi. Utajiri huo Kiholanzi hakina. Chenyewe kinashughulika na mahali pa kitenzi.

"Ik heb gisteren een boek gelezen", nilisoma kitabu jana. "Heb" hukaa nafasi ya pili. "Gelezen", penye kusoma kwenyewe, huwekwa mwisho. Ukianza na jana, husema "gisteren heb ik": kitenzi kisaidizi hakibanduki pale pa pili, mtenda ndiye anayesogea. Kwetu "jana nilisoma" haisogezi chochote, ndiyo maana wengi huteleza wakasema "gisteren ik heb".

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni -me-. Vitabu hufananisha "heb gelezen" na "nimesoma", na mwanafunzi makini, akijua kwamba "jana nimesoma" haikai vizuri, huogopa kuitumia pamoja na "gisteren". Asiogope. Katika mazungumzo Waholanzi husema hivyo kila siku. "Las", umbo fupi, huliweka zaidi kwa masimulizi na maelezo. Kikaburu kimelipoteza umbo hilo karibu kabisa, lakini "gelees" yake ingali inasubiri mwisho wa sentensi.

Kusubiri huko ndiko kunakohitaji mazoezi ya sikio. Sisi tukisikia "niliuza" tumeshajua habari. Kilichobaki ni kujua nini na wapi. Mholanzi akianza "ik heb gisteren in Eldoret een koe", ng'ombe tumemwona, mji tumeujua, siku tumeijua, na bado hatujui kama alimnunua, "gekocht", au alimuuza, "verkocht".