Ginseng, Mulondo na Mnunuzi wa Hai Cinema

Juba ulizaliwa ukiwa mji wa mali itokayo mbali. Wafanyabiashara wa Rejaf walihamia hapo mwaka 1929, ofisi ya gavana wa Mongalla ikafuata mwaka 1930, na kwa miongo mingi shehena ililetwa na meli za Mto Nile kutoka kaskazini. Baada ya Mkataba wa Amani wa 2005 njia iligeuka. Malori yakaanza kupanda kutoka Mombasa na Kampala kupitia Nimule, na mwaka 2012 lami ya kilomita 192 kati ya Nimule na Juba ikakamilika. Kwa hiyo mkazi wa mtaa wa Hai Cinema, Juba, anayenunua kopo la vidonge vya ginseng, au chupa ya dawa ya nguvu, husimama mwisho wa safari ambayo hakuna hatua yake hata moja aliyoishuhudia. Nadai kwamba ubora wa mizizi ya namna hii ulijulikana zamani kwa kuwa mnunuzi aliushika mzizi wenyewe, na kwamba tangu uliposagwa kuwa unga, bei yake imekuwa ikilipia vitu vingine kabisa.

Ushahidi wa kwanza unatoka mbali na Juba. Mwaka 1716 padre Mjesuti Joseph-François Lafitau alitambua karibu na Montreal mmea wa jamii moja na ginseng ya China, na Wafaransa wa Kanada wakaanza kuuza mizizi hiyo Canton. Wachina walijua kuukagua: makovu ya shingoni yanaonyesha umri, na rangi na uzito vinasema ulivunwa lini na ulikaushwa vipi. Faida ilipopanda, watu wa Quebec wakaanza kuchimba kabla ya msimu na kukausha kwa haraka ndani ya tanuri. Mauzo ya 1752 yalifika livre 500,000; ya 1754 yalishuka hadi livre 33,000. Hakuna maabara iliyotoa hukumu hiyo. Ilitolewa na macho na ndimi za wanunuzi, kwa sababu mzizi mzima hauna pa kuficha uvivu wa aliyeukausha.

Kwetu mzizi uliopewa sifa zinazofanana ni Mondia whitei, mulondo kwa Waganda, mukombero kwa Waluhya wa Kakamega. Kwa ukoo hauhusiani na ginseng hata kidogo. Ni mmea utambaao unaoota kutoka Guinea hadi Sudan Kusini na kushuka mpaka Afrika Kusini. Wanaume huutafuna kwa ajili ya nguvu na hamu ya kula, nao wachuuzi huuza vipande vyake mkononi, vikiwa na udongo bado. Hapo mtafunaji ni hakimu tosha: akikosa ile harufu kama ya vanila na ule utamu wenye uchungu, hanunui tena. Ukisagwa na kutiwa kwenye pakiti yenye maneno “ginseng ya Afrika”, hakimu huyo ameondolewa kazini, na jina la kuazima limechukua kiti chake. Wamarekani waliona hatari ya kuazima jina wakatunga sheria mwaka 2002: kisicho cha Panax, jenasi ya ginseng halisi, kisiuzwe kwa jina la ginseng.

Atatokea wa kusema kwamba maabara imeshachukua nafasi ya ulimi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ginseng hupimwa kwa kemikali zake ziitwazo ginsenosidi, na kopo linalotaja kiasi cha ginsenosidi lina thamani kuliko linalotaja miligramu za unga peke yake. Lakini majani ya ginseng nayo yana ginsenosidi tele, kwa hiyo namba nzuri inaweza kupatikana bila mzizi mwingi. Kwa mulondo hali ni ngumu zaidi. Kemikali inayotoa harufu yake inapatikana pia katika mimea mingine, ikiwemo mizizi ya India, na haijathibitishwa kwamba ndiyo inayoleta nguvu. Watafiti wa Kameruni waliowapa panya dume mzizi huu walipata matokeo ya kushangaza: dondoo moja ilionekana kuongeza homoni ya kiume, nyingine ikapunguza uzazi kwa muda. Jinsi mzizi ulivyotayarishwa, basi, si jambo dogo, na ndilo ambalo pakiti nyingi hazisemi.

Pingamizi zito zaidi ni la mtumiaji mwenyewe: nimekunywa, nimeona kazi yake. Mwaka 2018 Mamlaka ya Dawa ya Uganda ilipima kinywaji cha nguvu kilichotengenezwa Ndola, Zambia, baada ya mnywaji kulalamika, na ikakuta ndani yake sildenafil, dawa ya hospitali inayotolewa kwa cheti. Kinywaji kilifanya kazi kwelikweli, ila si kwa sababu iliyoandikwa juu ya chupa. Matokeo ya haraka mno yanapaswa kumshtua mnunuzi, maana mizizi hii husifiwa kwa kujenga mwili polepole. Mwenye shinikizo la damu au anayetumia dawa za moyo zenye naitreti anaweza kulipia mshangao huo kwa uhai wake.

Mtu anaweza kuniambia kwamba kurudi kwenye mzizi mzima ni kuumaliza msitu, maana anayechimba mzizi mara nyingi huua mmea, na mukombero umeadimika Kakamega. Ni kweli, ila unga nao unatoka kwenye mizizi ileile, tena kwa magunia. Tofauti ni kwamba mizizi ya shambani, inayouzwa ikiwa mizima na mtu anayeweza kutaja shamba, inaruhusu kukaguliwa na inampa mkulima sababu ya kupanda tena. Kwa bei ya kopo moja la kuagizwa, mnunuzi wa Hai Cinema ana haki ya kumuuliza muuza duka mzizi ulitoka shamba gani na ulitayarishwa vipi kabla ya kutoa pesa.